Kukhu, Hii Ndiyo Nusu Iliyobaki

Mke wangu Kukhu,

Usishtuke kuona barua. Najua ulikuwa ukisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, na kwamba shule ilinitema kidato cha pili kabla haijanitafuna vizuri. Soma tu polepole. Miwani yako tulikuzika nayo, ile ya uzi mweusi, kwa hivyo sitaki visingizio.

Niko kambini, ndani ya stoo ya jikoni, nimekalia gunia la maharagwe. Wageni wa mwisho wa likizo hii waliondoka jana mchana. Leo asubuhi tumeanika magodoro yote uwanjani, na mimi peke yangu nimebeba arobaini. Usiulize wengine walibeba mangapi. Sasa ni saa tisa, chai ya saa kumi haijaiva, na nina jambo ambalo nimelikalia miaka saba. Nitalifikia. Nikianza nalo kabla ya habari za nyumbani utasema nimelelewa na nani, na jibu unalijua.

Mtaani Mbotela wako salama. Shangazi Rael alihamia chumba chako wiki moja baada ya matanga. Ameondoa kalenda zako zote za kanisa, hata zile za miaka iliyokwisha, na sasa ukuta una miraba myeupe kama meno mapya. Bombani, Mama Achieng ndiye wa kwanza kwenye foleni siku hizi. Ulipokuwepo hakuthubutu. Redio yako bado inafanya kazi lakini hakuna anayeijibu. Mhubiri akisema semeni amina, panakuwa na kimya mpaka naona aibu kwa niaba yake. Na kopo la sukari sasa naweza kulifungua bila mtu kunipigia kelele kutoka kule bombani. Nimelifungua mara mbili. Halina raha.

Na mimi nimebaki mjane. Hivyo ndivyo wazee walivyonitania kule Butere siku tulipokuzika. Walinipa kiti karibu na jeneza, wakasema Makokha amefiwa na mke, asitumwe kubeba viti. Unajua tena, jina la babu ni langu, kwa hivyo na mke wa babu ni wangu. Nikakaa pale kama bwana mkubwa, nikaletewa nyama kabla ya watu wazima, nikaitikia pole kwa sauti nzito. Kisha wakaanza kushusha jeneza, nikagundua mzaha umeisha na mimi bado nimekaa kwenye kiti.

Niliporudi kambini nilimwambia Auntie Fridah, mpishi mkuu, kwamba sasa mimi ni mjane. Akasema mwanamume haitwi mjane, mwanamume huitwa mgane, na hata huko kwenye kufiwa kuna sarufi. Nikasema sawa, Kukhu ameniacha, mimi ni mgane. Msichana mmoja wa kambi alikuwa amekuja dirishani kuomba chumvi. Hapa wenzangu wana shosho, wana nyanya, wana dani, lakini huyo hakuwahi kusikia neno Kukhu. Alisikia kuku. Kufikia chakula cha jioni watoto wote walikuwa wanajua kwamba yule kaka wa jikoni alikuwa na kuku wake akafa, na bado hajapona. Walinipa pole kwenye foleni, mmoja mmoja, na sahani mkononi. Mmoja akaniuliza kama nilimla.

Ungekohoa kwa kucheka.

Lakini usidhani hapa mimi ni mtu mdogo. Makanisa ya Eastlands yakileta vijana wao huku nyuma ya Njiru, shule zikifungwa, ni nani anasonga ugali wa watu mia mbili? Mwiko wenyewe ni mrefu kuliko Shangazi Rael. Na kengele yetu ni kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya, na hakuna anayekipiga kama mimi. Auntie Fridah husema nakipiga kama kimenitukania mama. Namwambia babu yangu alifanya kazi reli miaka thelathini, mimi na chuma hiki ni jamaa, hayo ni mambo ya kifamilia.

Tatizo ni kwamba sisi ni watu wa msimu. Likizo ikianza tunaitwa, likizo ikiisha tunarejeshwa mitaani pamoja na nguo zetu. Mwaka huu Auntie Fridah ameomba msaidizi wa kudumu, mtu wa kukaa mwaka mzima, mwenye chumba chake na godoro lisilorudishwa stoo. Wiki iliyopita Pasta Kirimi, msimamizi wa kambi, aliniambia nafasi hiyo ni yangu. Alitaka kitu kimoja tu. Siku ya mwisho, nisimame mbele ya vijana nitoe ushuhuda, jinsi nilivyookoka.

Sasa unaona tunakoelekea. Unaikumbuka fomu niliyojaza kuomba kazi hapa?

Wewe ndiye uliyeileta kutoka kanisani, umeikunja ndani ya Biblia. Swali la tisa liliuliza: Je, umeokoka? Eleza lini na wapi. Nilicheka peke yangu, nikaandika: Ndiyo. Nikiwa darasa la nane, Jumamosi, steji ya Jogoo Road. Huo haukuwa uongo. Neno ni lao, mimi nililitumia tu. Mtu akiwa ameshalazwa chini na tairi la kumchomea liko njiani linakuja, halafu akaenda kwao kwa miguu yake miwili, huyo ameokoka ama hajaokoka? Ulivaa miwani ukasoma. Nikangoja kicheko. Hukucheka.

"Hiyo ni nusu, mume wangu," ulisema.

Kisha pale pa mdhamini ukaweka sahihi yako, kubwa kama ya gavana. Nilidhani nusu ya pili unamaanisha Yesu, nikajisemea ngoja akina mama wa kanisa waanze tena.

Pasta Kirimi naye aliposoma neno steji hakufikiria kituo cha matatu, alielewa jukwaa la mkutano wa injili, ule wa spika mbili na kinanda. Siku yangu ya kwanza alinishika mkono akasema Mungu huvua samaki wake popote, hata barabarani. Nikasema amina. Ningesema nini, Kukhu? Tangu hapo kila likizo ananionyesha kwa wageni, kijana huyu aliokoka steji, nami nainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mnyenyekevu. Ulikuwa ukiniambia nikuigizie. Nikiigiza ulicheka, lakini ulikuwa ukinitazama kidogo zaidi baada ya kicheko kwisha.

Basi acha niieleze ile Jumamosi kama ilivyokuwa. Najua ulikuwepo. Lakini hukuwa ndani ya suruali yangu.

Mama Njugu alikuwa ameweka simu yake juu ya sinia, kando ya karatasi za kufungia njugu. Akainama kutafuta chenji. Nikaichukua. Sikuwa na njaa, sikuwa nimetumwa na mtu, sina hadithi nzuri ya kuwekea hapo. Ilikuwa karibu na mkono, basi. Nilipiga hatua kama ishirini kabla ya mtu kupaza sauti, na sweta nyekundu ya shule haifichiki. Walinikamatia kwa fundi wa viatu. Walipekua mifuko, hawakupata kitu, kwa sababu nilikuwa nimeisukuma ndani ya chupi. Kukosa simu hakukuwazuia kupiga. Kuna jamaa aliondoka kwenda kuleta tairi. Nililisikia likiburutwa, linakwaruza lami.

Halafu nikaviona viatu vyako. Ulikuwa unatoka mkutano wa akina mama, umefunga leso juu ya sketi. Hukupiga kelele. Ulipita katikati yao kama mtu anayepita kwenye nguo zilizoanikwa, ukasimama juu yangu.

"Huyu ni mume wangu," ulisema. "Atakayemgusa tena, nafungua leso."

Mmoja akacheka, kijana mdogo, hakuelewa. Ukafungua fundo. Hapo wote wakaelewa. Mama mzee akikuvulia nguo mbele yako, hilo si tusi la kujibiwa, ni laana ya kwenda nayo kaburini, na hata mwenye tairi alikuwa na mama yake mahali. Leso ikashuka. Sketi ikashuka. Ukabaki na petikoti nyeupe yenye lasi, jua la saa nane, Jogoo Road, na wanaume wazima wakageukia ukuta kama watoto wa nasari walioadhibiwa. Leso ukanifunika mimi kwa sababu shati lilikuwa limeraruka. Sketi uliiokota ukaivaa hatua kumi mbele, bila haraka. Ukanishika mkono tukaanza kwenda.

Uliniuliza mara moja tu. "Ulichukua?"

Nikasema haki ya Mungu sikuchukua.

Hukuuliza tena. Ukaanza kuimba wimbo wa akina mama, ule wa kwenda nyumba kwa nyumba, mpaka tukafika mlangoni.

Nilichukua, Kukhu. Sasa nimeandika. Kesho yake niliitupa kwenye mtaro, hata sikuitumia. Na wewe akina mama wa kanisa wakakuita, wakasema umefanya mambo ya kipagani mbele ya watu, wakakuvua kitambaa cha chama na kukuweka benchi la nyuma miezi sita. Hukujitetea. Nilidhani ni kiburi. Kila Jumapili nilikaa nawe huko nyuma, nikajiona shujaa kwa kukusindikiza. Nilikuwa nikikununulia peremende ya mnanaa, unakumbuka? Kumbe mwizi anamnunulia peremende mfungwa wake.

Tuendelee, la sivyo chai itaiva kabla sijafika.

Walipogawana nguo zako niliomba leso hiyo moja, ya samawati, yenye maneno MFICHA UCHI HAZAI. Herufi zimefifia lakini zinasomeka. Naifunga kiunoni kama aproni ya jikoni. Siku moja Pasta Kirimi aliyasoma, akakohoa, akaniomba kwa heshima niigeuze, kwa sababu ya watoto. Nikaigeuza. Ndivyo nilivyokuwa jana niliposimama mbele ya ukumbi, baada ya chakula cha mchana, mabasi yakisubiriwa.

Nilikuwa nimejiandaa, usidhani nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa na mhubiri mwenye suti ya kijivu, nilikuwa na kinanda, nilikuwa hata na mvua iliyoanza kunyesha wakati wa maombi. Ushuhuda safi kabisa. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema niliokoka steji ya Jogoo Road. Pasta Kirimi akatingisha kichwa kwa furaha, mstari wa mbele. Neno lililofuata lilipaswa kuwa mhubiri. Nikafuta mikono kwenye leso, na mdomo ukasema, "Kukhu."

Ukumbi mzima ukacheka. Si ni yule kuku tena.

Nikangoja wamalize. Nilikuwa na nafasi ya kucheka pamoja nao na kurudi kwa yule wa suti ya kijivu. Badala yake nikawaambia Kukhu ni mama ya baba yangu. Halafu nikawaambia yote, sinia, sweta, tairi, leso. Nilipofika kwenye chupi walicheka tena, lakini kidogo. Nikawaambia tulivyotembea kutoka steji mpaka Mbotela, wewe ukiimba, na simu ikitetemeka mle ndani kama nyuki kwenye kopo, kwa sababu Mama Njugu alikuwa ameazima simu ya mtu anaipigia yake. Ilitetemeka mara tatu. Nikawaambia nilimshukuru Mungu kwa ule wimbo, maana kila simu ikinguruma wewe ulikuwa umepandisha sauti.

Yule msichana wa chumvi akainua mkono. Wakati wa ushuhuda hakuna anayeinua mkono, lakini yeye aliinua.

"Na Kukhu hakusikia?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba hukusikia. Nilikuwa na jibu tayari, nimekuwa nalo miaka saba. Halikutoka. Nikamwona mwanamke anayesikia kifuniko cha sukari kikifunguliwa ilhali yuko bombani, nyuma ya nyumba sita, na watu wanagombana kwenye foleni. Na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake.

Ulipandisha sauti mara tatu, Kukhu. Mara tatu. Ulikuwa unaifunika simu kwa wimbo kama ulivyonifunika mimi kwa leso. Ukakaa benchi la nyuma ukijua. Ukatia sahihi fomu ukijua. Hiyo ni nusu, mume wangu.

Nilisema amina nikakaa chini, sijui hata amina ya nini. Hakuna aliyeitikia mpaka Auntie Fridah alipoitikia kutoka mlango wa jikoni, peke yake, kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kula.

Nimekukasirikia kidogo, nakuambia ukweli. Ungenipiga kofi moja pale mlangoni mambo yangeisha. Ungesema leta hiyo simu. Miaka saba umekaa unaningoja, halafu kifua kikakubeba kabla sijamaliza kujifanya mjanja. Nani sasa nitamwambia na anitazame? Nimebaki kuwaambia watoto wanaodhani nalilia kuku.

Baada ya mabasi kuondoka Pasta Kirimi aliniita ofisini. Alikuwa na fomu yangu ya zamani mezani, ameisoma tena.

"Kwa hivyo hakukuwa na mkutano," alisema.

Nikamwambia mkutano ulikuwepo, ni spika tu hazikuwepo. Niliona mdomo wake ukitaka kwenda upande, akauzuia. Akauliza ameshawaambia wageni wangapi kuhusu ile steji, na sasa anajisikiaje. Kisha akafungua droo, akatoa fomu mpya. Akasema nafasi ya jikoni itakaa mpaka Jumatatu. Fomu ya kwanza ilikuja na sahihi ya Kukhu yangu. Hii niilete na sahihi ya mwenye simu.

Nikamuuliza, na akikataa kutia?

"Basi angalau atakuwa amekuona."

Yuko palepale, Mama Njugu. Sinia ileile. Najua kwa sababu miaka saba nimekuwa nikivuka barabara kabla sijamfikia, na kuivuka tena nikishampita, na Jogoo Road si barabara ya kuvuka mara mbili kwa mchezo. Jamaa wa mtaa hudhani ninaringa. Hata njugu siku hizi sili. Jumamosi sitavuka. Nitakwenda na leso yako begani, upande wa maneno ukiwa nje, pengine ataikumbuka kabla ya kunikumbuka mimi. Sijui atafanya nini. Anaweza kuita watu. Safari hii hakuna mwenye kufungua fundo, kwa hivyo nitasimama wima na kuongea haraka.

Akitia sahihi ama asitie, Jumapili nitaingia kanisani kwenu, nisubiri akina mama wamalize mkutano wao, niwaambie lile benchi la nyuma lilikuwa langu. Hiyo nakuahidi. Kazi ya jikoni siwezi kukuahidi, hiyo iko kwenye mkono wa mwanamke wa njugu. Nikiikosa nitarudi kwa Shangazi Rael nikalale chini ya ile miraba myeupe, na Auntie Fridah atafute mtu mwingine wa kuzozana na reli.

Fomu mpya iko hapa juu ya goti. Nimejaza yote, jina, mtaa, darasa nililofika, hapo sikuongeza hata moja. Swali la tisa nimeandika: Nusu ya kwanza, steji ya Jogoo Road, kwa leso ya Kukhu. Nusu ya pili nimeacha mstari wazi mpaka Jumamosi.

Auntie Fridah anaita, chai imeiva, na wenzangu wako mbali kule uwanjani wanageuza magodoro. Naenda kuipiga reli. Lala salama, mke wangu, na umsalimu babu, mwambie nimemtunzia jina kwa shida. Nitaipiga mara tatu. Usijifanye hukusikia.

Mgane wako,
Makokha